Ni nani wanaosikika nyuma ya katuni za Gorillaz katika «Feel Good Inc.»?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana kuhusu «Feel Good Inc.» ya Gorillaz, ule wimbo wa 2005 ambao video yake ni ya katuni. Kaka anasema bendi ya katuni ni hila ya kampuni za muziki: zinachora sura za kuvutia ili kuficha watu wasio na mvuto, na wale wanaoimba kweli hawatajwi popote. Mimi naona wimbo ule na video yake vina jambo la maana, ila sina hoja ya kumjibu. Naomba utueleze ni nani hasa tunaowasikia, na kile kisiwa kinachoelea angani kina maana gani. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na mfikishie kaka yako salamu zangu. Nitaanza na dai lake, kwa sababu halikuzuka bure: katika historia ya bendi za katuni upo ushahidi unaomuunga mkono, nami nitautaja. Lakini kwa wimbo huu mmoja dai hilo halisimami, na nadhani nikieleza jinsi wimbo ulivyojengwa na jinsi video ilivyoufuata hatua kwa hatua, ninyi wawili mtaweza kuamua bila kunihitaji tena.

Kwanza, wanaosikika. Ile sauti laini ya mtu aliyechoka, inayoimba ubeti wa kwanza na kiitikio, ni ya Damon Albarn, Mwingereza aliyepata umaarufu miaka ya 1990 akiwa mwimbaji wa bendi ya Blur. Katika katuni sauti hiyo amepewa 2-D, yule kijana mwembamba mwenye nywele za buluu. Sauti inayofoka katikati ya wimbo ni ya David Jolicoeur, aliyejulikana kwa mashabiki kama Trugoy au Dave, mmoja wa watatu waliounda kundi la De La Soul la Long Island, New York. Kile kicheko kinachofungua wimbo, ambacho naamini hata asiyekumbuka neno lake moja anakikumbuka, ni cha mwenzake wa kundi hilohilo, Vincent Mason, maarufu kama Maseo. Kaka yako ataona kwamba majina haya hayakufukuliwa na wapelelezi. De La Soul wametajwa kando ya Gorillaz kwenye chati ya Marekani, na wametajwa kwenye tuzo.

Aliyezichora sura ni Jamie Hewlett, mchoraji wa vibonzo ambaye aliwahi kupanga nyumba moja na Albarn jijini London. Mwaka 1998, wakiwa wanatazama video za muziki kwenye televisheni kwa saa nyingi, walichoshwa na bendi zilizokuwa zikitungwa na kampuni, zenye vijana waliochaguliwa kwa sura na kufundishwa tabasamu, wakaona kwamba kama bendi ya kutungwa ndiyo inayotakiwa, basi na watunge moja waziwazi, ambayo kila mtu anajua imetungwa. Hapo wakazaliwa wanne: 2-D mwimbaji, Murdoc Niccals wa gitaa la besi, Russel Hobbs wa dramu, na Noodle, binti wa Kijapani mpiga gitaa. Wote wanne walipewa historia ya maisha, tabia, magomvi, na hata watu wa kuwasemea katika mahojiano: wakati huo Murdoc alisemewa na mchekeshaji Phil Cornwell, Noodle na mwigizaji Haruka Kuroda, 2-D na Nelson De Freitas, na Russel na Remi Kabaka Mdogo, ambaye miaka ya baadaye akawa pia mtayarishaji na mpiga ala wa bendi hiyohiyo.

Hapa ndipo ushahidi wa kaka yako unapoingia. Mwaka 1969 wimbo uitwao «Sugar, Sugar» ulikaa wiki nne mfululizo katika nafasi ya kwanza nchini Marekani, na jina lililoandikwa kwenye sahani lilikuwa la The Archies, vijana wa kuchorwa waliotoka kwenye vibonzo na kipindi cha katuni cha Jumamosi asubuhi. Aliyeimba kweli ni Ron Dante, akisaidiwa na Toni Wine, na wasikilizaji wengi walinunua sahani ile bila kuwa na habari nao. Msimamizi wa mradi ule, Don Kirshner, alikuwa ametoka kugombana na The Monkees, vijana wa kweli waliotaka kupiga ala zao na kuchagua nyimbo zao, na wengi huona kwamba alizipenda katuni kwa sababu katuni haigomi. Kwa hiyo kaka yako akisema kwamba sura ya kuchora imewahi kutumika kumfunika mwimbaji, anasema kweli. Gorillaz walichukua umbo lilelile wakaligeuza matumizi: katuni zao ni kama nyumba ya wageni ambayo kila anayelala humo anaandikwa jina mlangoni. Albamu ya «Demon Days», iliyotoka Mei 2005 na ambayo wimbo huu umo, ina Neneh Cherry, Ike Turner, Shaun Ryder, Roots Manuva, MF DOOM, Martina Topley-Bird, kwaya ya injili ya London, na mwigizaji Dennis Hopper anayesimulia hadithi juu ya muziki. Ni vigumu kuipata bendi ya kawaida, yenye sura yake ya kulinda na nafasi ya mwimbaji wake mkuu ya kutetea, ambayo ingeweza kuwabeba watu hao wote bila kuonekana imepoteza mwelekeo.

Tena sisi tuliokulia kwenye taarab hatuna sababu ya kulishangaa jambo hili. Shairi linatungwa na mmoja, muziki unawekwa na mwingine, mwimbaji analiwasilisha kama la kwake, na ukumbini kila mtu anajua mpangilio huo bila kuuita udanganyifu. Heshima hupotea pale tu mtunzi anaponyimwa jina lake na haki yake.

Sasa tuusikilize wimbo wenyewe, kwa sababu bila hivyo video haiwezi kueleweka. «Feel Good Inc.» una nusu mbili ambazo kwa kawaida zisingekaa katika wimbo mmoja. Nusu ya kwanza inabebwa na gitaa la besi: msitari mmoja mfupi, mzito, unaozunguka na kurudi palepale bila kuchoka, na juu yake dramu kavu na sauti ya Albarn iliyobanwa kana kwamba inatoka kwenye kipaza sauti cha mkono, kile cha watu wa matangazo mtaani. Haimbi kwa nguvu. Ananong'ona karibu na kuzungumza. Kisha, ghafla, besi inanyamaza. Linaingia gitaa kavu la nyuzi, sauti ya Albarn inafunguka na kupanda, na kwa muda wa kiitikio unahisi kama dirisha limefunguliwa. Dirisha hilo halikai wazi kwa muda mrefu. Besi inarudi, De La Soul wanaingia na ufokaji wa kasi na wa majigambo, wakihimiza burudani isisimame, na kicheko kinarudi tena. Ninawaomba msikilize hasa ule mpito kutoka kwenye kiitikio kurudi kwenye besi, kwa sababu kishindo chote cha wimbo kiko hapo: kiitikio hakifiki tamati kwa hiari yake, kinakatwa.

Mtayarishaji aliyesimamia mikato ya namna hiyo, pamoja na Jason Cox, James Dring na Gorillaz wenyewe, ni Brian Burton wa Marekani, anayejulikana kama Danger Mouse. Mwaka mmoja kabla, 2004, alikuwa ametengeneza mseto uliounganisha sauti ya mfokaji Jay-Z na vipande vya muziki wa bendi ya The Beatles bila ruhusa, na kampuni ya EMI, iliyokuwa na haki za rekodi za The Beatles, ikamwandikia barua ya kumtaka asitishe kuusambaza. Albarn aliposikia kazi ile akamwita. Albamu waliyoitengeneza pamoja ikatolewa na Parlophone, lebo iliyokuwa mali ya EMI ileile. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha ni sikio la aina gani lililokuwa studioni: sikio la mtu ambaye ustadi wake ni kukalisha pamoja vitu viwili visivyojuana na kuuacha mshono uonekane.

Video, ambayo iliongozwa na Jamie Hewlett na Pete Candeland na kutengenezwa katika studio ya uhuishaji ya Passion Pictures jijini London, imeuchukua mshono huo ikaugeuza kuwa mahali. Nusu ya besi imekuwa mnara. Tunaukuta umesimama juu ya jiji lililochakaa, ukiwa na jina la wimbo kama jina la kampuni iliyosajiliwa, kampuni ambayo bidhaa yake ni kujisikia vizuri. Ndani ya chumba cha juu kuna mwanga hafifu, na watu wamelala sakafuni kila upande, mmoja juu ya mwingine, kama waliokesha kwenye sherehe ambayo hakuna anayejua ilianza lini. Wanamuziki wamo katikati yao. Murdoc anapiga besi kwa furaha ya wazi, maana mahali pale panamfaa. Russel anapiga dramu uso umekazwa. 2-D ndiye wa kumtazama: ameshika kipaza sauti cha mkono, mabega yameanguka, na anavyotaja furaha hana chembe yake usoni. Kwenye skrini kubwa ukutani zinatokea sura za De La Soul, na hizo hazikuchorwa. Ni picha halisi za watu halisi, wakubwa kuliko kila mtu chumbani, wakicheka. Mwambie kaka yako alitazame jambo hili kwa makini. Katika video hii ya katuni, walioonyeshwa kwa nyuso zao za kweli ni walewale anaosema wamefichwa.

Kisha kinaingia kiitikio, na 2-D anasogea dirishani. Nje, mwangani, kipande cha ardhi yenye majani mabichi kinaelea angani kikiwa na kinu cha upepo kinachozunguka, na ukingoni ameketi Noodle, miguu ikining'inia, akipiga lile gitaa kavu tulilolisikia. Kwa hiyo swali lako la kisiwa lina jibu katika sauti kabla halijawa na jibu katika picha. Kisiwa ni kiitikio. Kila kinachokosekana ndani ya mnara kipo pale: nuru, hewa, nafasi, na mtu mmoja anayepiga ala bila hadhira na bila kicheko cha kumhimiza. Imeelezwa mara nyingi kwamba video inahusu uhuru wa akili mbele ya vyombo vya habari vinavyowafanya watu wasifikiri, na maelezo hayo yanapatana na tunachokiona, ingawa mimi ningeongeza kwamba mnara haukuchorwa kama gereza. Hakuna pingu wala mlinzi. Watu wamebaki kwa sababu burudani haikomi, na hilo linatisha zaidi kuliko mlango uliofungwa.

Wapenzi wa katuni za Kijapani huwa wanakitambua kisiwa kile mara moja, kwa kuwa Hewlett ni mpenzi wa kazi za Hayao Miyazaki na kwa kisiwa hiki hakulificha deni lake. Lakini tazameni nyuma ya kisiwa. Helikopta mbili nyeusi zinakifuata. Hazifyatui kitu, hazisemi kitu, zinafuata tu. Hata pale palipo huru pana anayepafuatilia, na ndiyo maana nuru ile haikupi utulivu kamili hata unapoitazama kwa mara ya kwanza bila kujua sababu.

Kuhusu namna ilivyotengenezwa nitasema machache. Wahusika walihuishwa kwa michoro bapa, kwa mtindo wa mkono wa Hewlett, ilhali mnara, kisiwa na helikopta vilijengwa kwa kompyuta katika pande tatu ili kamera iweze kuvizunguka. Kazi ngumu katika mchanganyiko huo ni kumfanya mtu bapa aonekane ana uzito mahali penye kina. Mtazameni 2-D anavyotembea kuelekea dirishani: kivuli, kasi ya hatua na mwendo wa kamera vimepimwa hivi kwamba jicho haliulizi swali. Mwaka ule wa 2005 video ilipata tuzo mbili za MTV nchini Marekani, ya video ya kuvunja mipaka na ya madoido bora ya picha, na sioni kama kuna aliyependelewa.

Jinsi wimbo ulivyoingia sokoni nayo ni habari inayofaa kujulikana. Aprili 2005 chati rasmi ya Uingereza ilikuwa imeanza tu kuhesabu nyimbo zilizopakuliwa kwenye intaneti, kwa sharti kwamba wimbo uwe pia unauzwa madukani kwa umbo la kushikika. Gorillaz wakatoa nakala chache za sahani ya vinili, sharti likawa limetimia, na wimbo ukaingia nafasi ya 22 kwa nguvu ya upakuaji wiki kadhaa kabla ya singo kamili kufika dukani mwezi Mei. Baadaye ulipanda hadi nafasi ya 2. Nchini Marekani ulifika nafasi ya 14 katika chati kuu ya Billboard, na ukaongoza kwa wiki nane ile ya redio za roki ya kisasa. Kampuni ya Apple iliutumia pia katika tangazo la televisheni la iPod, na wimbo unaolalamikia burudani isiyokoma ukawa unauza kifaa cha burudani isiyokoma. Wapo wanaouona mkataba ule kuwa usaliti. Mimi nauona kuwa uthibitisho kwamba mnara waliouchora ulikuwepo, na kwamba wao wenyewe walikuwa ndani yake, kama video inavyosema wazi: bendi inapiga muziki mnarani, si kisiwani.

Ugumu halisi wa bendi ya katuni ulijitokeza jukwaani. Katika ziara zao za kwanza Albarn na wenzake walipiga muziki nyuma ya pazia lenye picha. Novemba 2005, kwenye tuzo za MTV za Ulaya zilizofanyika Lisbon, na tena Februari 2006 kwenye tuzo za muziki za Grammy nchini Marekani, ambako Madonna aliungana nao, katuni zilitokea jukwaani kana kwamba zimesimama pale. Ufundi uliotumika ni wa kale kuliko sinema: John Henry Pepper aliwaonyesha watu wa London mzuka wa jukwaani mwaka 1862 kwa kioo kilichoinamishwa, ambacho mtazamaji hakioni ila anaona kinachoakisiwa juu yake. Gorillaz walitumia karatasi angavu ya plastiki mahali pa kioo, wakakuta kwamba mtikisiko wa besi unaitetemesha karatasi na picha inavurugika, kwa hiyo sauti ikalazimika kupunguzwa. Fikirieni wimbo huu ukiwa umepunguzwa besi. Mpango wa kuzunguka dunia kwa njia hiyo uliachwa. Siku hizi bendi hupiga mbele ya watazamaji ikiwa ya watu wenye nyuso, katuni zikiwa kwenye skrini juu yao, na naona huo ni mpangilio mwema kuliko wote.

Kama mnataka kujua kilichompata Noodle, tafuteni video ya «El Mañana» ya 2006 kutoka albamu hiyohiyo. Kisiwa ni kilekile na helikopta ni zilezile, ila safari hii zinafyatua. Ukiitazama hiyo kisha ukairudia ya kwanza, ule ufuatiaji wa kimyakimya unakuwa na uzito mwingine.

Namalizia na jambo ambalo kwangu ndilo jibu hasa kwa kaka yako, nalo linawahusu De La Soul. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1989, ikasifiwa kote duniani, na ilikuwa imejengwa kwa vipande vingi vilivyokopwa kutoka rekodi za watu wengine. Haki za vipande hivyo zilipangwa enzi ambazo hakuna aliyeijua intaneti ya muziki, na migogoro iliyofuata ilizifanya albamu zao za mwanzo zikosekane kabisa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni hadi tarehe 3 Machi 2023. Dave alifariki tarehe 12 Februari mwaka huohuo, wiki chache kabla ya siku hiyo. Katika miaka yote ile ya kukosekana, kijana aliyezaliwa baada ya 2000 aliyetaka kumsikia Dave akifoka, mahali ambapo angeweza kumkuta bila kutafuta sana palikuwa ndani ya wimbo huu, chini ya jina la bendi ya kuchorwa, jina la kundi lake likiwa limeandikwa kando yake. Na ile Grammy ya Februari 2006, ya ushirikiano bora wa kuimba katika muziki wa pop, ambayo De La Soul waliipokea kwa wimbo huu pamoja na Gorillaz, ndiyo Grammy pekee waliyoshinda katika maisha yao ya muziki. Albamu zile za zamani sasa zinapatikana. Anzeni na hiyo ya 1989, «3 Feet High and Rising», na kaka yako akiisikia sauti ya Dave atajua aliwahi kuisikia wapi.